JAA HUJAA: SOMO LA NDOO YA PILI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Chama kilipotutaka kila mmoja achague jambo moja la maisha ya nyumbani na kuliandikia makala ya mafunzo, wenzangu walikimbilia mapishi, malezi na heshima kwa wazee. Mimi nikachukua taka. Walinicheka, lakini kicheko hakikunizuia. Hebu tuanze na lugha, maana hiki ni Chama cha Kiswahili, si chama cha usafi.

Katika Kiswahili tuna nomino jaa, yaani mahali pa kutupia taka. Tunacho pia kitenzi jaa, yaani kuwa tele hata pasibaki nafasi. Maneno haya mawili yanakaa pamoja vizuri kama mume na mke, kwa sababu jaa kazi yake ni kujaa. Kuna neno jingine ambalo huku mjini tunalitumia kama tusi: chokoraa. Watu husema chokoraa wakimaanisha mtoto wa mitaani asiye na kwao. Lakini asili yake ni kitenzi chokora, yaani kuchimbuachimbua kwa ncha ya kitu, mfano wa kuchokora meno. Chokoraa basi ni yule anayechokora taka zetu akitafuta kitu cha kula au cha kuuza. Kumbe jina tumempa kutokana na kazi, na kazi hiyo tumempa sisi wenyewe. Nitalirudia jambo hili.

Jaa kuu la Nairobi liko Dandora. Zamani mahali pale palikuwa machimbo ya mawe, na taka zilianza kumwagwa humo katika miaka ya 1970. Mwaka wa 2001 ilitangazwa rasmi kuwa limejaa. Mimi nilikuwa sijazaliwa! Nimezaliwa, nimekua, nimefika Kidato cha Tatu, na malori bado yanaingia. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi katika mtaa wa Gigiri, lilitoa ripoti kuhusu watoto wa karibu na jaa hilo. Watoto 328 walipimwa, na karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Risasi hii si ya bunduki, ingawa nayo inaumiza. Ni madini yaliyomo katika betri, rangi za zamani na vifaa vya umeme. Huingia mwilini kwa vumbi, kwa moshi na kwa chakula, na hudhuru ubongo wa mtoto ungali unakua. Yaani mtoto anaweza kushindwa na hesabu si kwa uvivu, bali kwa sababu ya hewa anayoivuta akienda shule.

Sasa utauliza, mimi na Mama yangu tunahusikaje na Dandora? Tunahusika sana. Hakuna kitu kilichoota Dandora chenyewe. Kila kilichoko pale kilitoka katika nyumba ya mtu, duka la mtu au ofisi ya mtu.

Siku moja ya likizo nilifanya jambo ambalo Mama aliliona kuwa ni wazimu. Nilitandika gunia kuukuu uani, nikafunga pua kwa leso, nikamwaga pipa letu la siku tatu juu yake. Kisha nikavigawa vitu mafungu mafungu kwa kijiti. Naam, siku hiyo chokoraa nilikuwa mimi. Fungu la kwanza lilikuwa maganda ya viazi na ndizi, vikonyo vya sukuma wiki, majani ya chai, maganda ya mayai, nyanya mbili zilizooza na ugali uliolala. Fungu hili peke yake lilishinda mengine yote kwa wingi, na kwa uzito ndiyo usiseme. Fungu la pili lilikuwa paketi za maziwa, karatasi za unga, gazeti lililofungia omena, chupa mbili na kopo moja. La tatu lilikuwa majivu na vumbi la makaa. La nne lilikuwa nepi za mdogo wetu. Vitu vya ajabu ajabu vilikuwa vichache tu: betri mbili za redio, wembe na balbu iliyoungua.

Baadaye nilisoma kwamba si kwetu tu. Katika miji yetu ya Kenya zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni vitu vinavyooza, masalio ya jikoni hasa. Na Nairobi nzima hutoa zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku. Ikiwa nusu ya mzigo huo ni maganda na mboga, basi tunalipia mafuta ya malori kubeba maji na majani kutoka jikoni hadi Dandora. Mbona ng'ombe wa kule mashambani hula vitu hivyo hivyo na hakuna anayeviita taka?

Hapo ndipo nilipopata kiini cha makala haya. Ganda la ndizi si uchafu. Gazeti la jana si uchafu, na chupa tupu si uchafu. Lakini vichanganye katika pipa moja, vikae siku tatu kwenye joto. Ganda limeoza na kulowesha gazeti, gazeti limegandamana na chupa, na chupa imejaa mafunza. Sasa gazeti haliuziki, chupa anayeinunua anaipunguzia bei kwa sababu lazima aioshe, na ganda lenyewe haliwezi kuwa mbolea kwa sababu limechanganyika na wembe. Kuchanganya ndiko kunakozaa taka.

Mambo huzidi kuharibika mchanganyiko huo ukifika jaani. Masalio ya chakula yakifukiwa chini ya vitu vingine hayapati hewa. Bakteria wanaoishi pasipo hewa huyaozesha polepole na kutoa gesi iitwayo methani. Gesi hii hushika moto kwa urahisi, na ndiyo sababu moja ya majaa kufuka moshi usiku na mchana hata pasipo mtu aliyewasha kiberiti. Ikipanda angani hupasha dunia joto kuliko hewa ya kaboni dayoksaidi, zaidi ya mara 25 kwa uzito ule ule ukihesabu kwa miaka 100. Maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye mboga zilizooza nayo hupita katikati ya betri na makopo, huchukua sumu zake, kisha huteremka. Kule Dandora yanateremkia Mto Nairobi.

Dawa yake ni rahisi hata inaaibisha kuiandika: ndoo ya pili. Basi! Ndoo moja yenye kifuniko kwa vitu vinavyooza, na gunia au katoni kwa vitu vikavu. Ndoo si lazima inunuliwe. Sisi tulitumia ile ya rangi iliyoachwa na mafundi. Kazi yote ni ile sekunde moja ya kusimama na kitu mkononi na kuuliza, hiki kinaoza au hakiozi? Nchi yetu hata ina sheria juu ya jambo hili, iliyotiwa sahihi mwaka wa 2022, inayotaka vinavyooza vitengwe na visivyooza. Lakini sheria haingii jikoni. Jikoni anaingia mama, dada na siku hizi, tumshukuru Mungu, hata kaka.

Mama alikubali mara moja. Majirani, lakini wapi! Ploti yetu hapa Kayole ina vyumba vingi na pipa moja la wote karibu na lango. Nilipopita mlango kwa mlango kueleza, mama mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hao vijana wa taka si watakuja kuchanganya tena kwenye mkokoteni? Sasa tunajisumbua nini?" Swali lake lilikuwa la haki, nami sikuwa na jibu.

Jibu lilitoka kwenye mtaro. Mvua za Aprili 2024 sote twazikumbuka, jinsi zilivyoua watu na kubomoa nyumba katika mitaa mingi ya Nairobi. Kwetu hakufa mtu, lakini usiku mmoja maji yalikosa njia katika mtaro wa mbele ya ploti, yakarudi ndani. Vyumba vya chini viliingiwa hadi magotini. Mama wa chumba cha tatu alipoteza godoro na unga wa mwezi mzima, na mwanawe wa darasa la saba alianika vitabu juani siku nne, navyo vikajikunja kama majani ya tumbaku. Asubuhi wanaume waliingia mtaroni kwa sepeto. Walichotoa ni nepi, paketi, chupa na viatu, vyote vimefungamana kwa vikonyo vya sukuma na maganda. Chupa peke yake huelea na kwenda. Ikichanganyika na masalio inakuwa zege. Sote tuliokuwa pale tuliona, na kila mtu alitambua paketi ya maziwa anayonunua.

Tangu siku hiyo nyumba saba zilianza ndoo ya pili. Na wale vijana wa taka? Hawakuchanganya! Gunia kavu waliliinua kwanza na kuliweka kando juu ya mkokoteni, kwa sababu ndani yake mna chupa na katoni za kuuza. Mmoja wao alimwambia Mama kwamba zamani mikono yake ilikuwa haikosi kidonda, maana kuchokora taka zilizochanganywa ni kutia mkono usikokuona. Hapa sasa nimelirudia lile neno. Ukitenganisha taka, hakuna haja ya mtu kuitwa chokoraa. Anakuwa mnunuzi wa vyuma na chupa, na anabisha hodi langoni kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Ndoo ya vinavyooza je? Hili ndilo somo lenyewe, na nitalieleza pole pole ili mtu alifanye hata kama hana shamba. Tafuta gunia kuukuu, toboa matundu ubavuni ili hewa ipite. Chini weka vijiti au mabua ya mahindi kiasi cha shubiri moja. Kisha weka tabaka la masalio mabichi, unene wa vidole vinne, na juu yake tabaka la vitu vikavu: majani makavu, katoni iliyochanwachanwa, au pumba za mbao kutoka kwa seremala. Nyunyiza konzi ya udongo, kwani udongo ndio unaoleta wale bakteria wazuri wanaopenda hewa. Endelea hivyo, tabaka kwa tabaka. Unyevu wake uwe kama wa kitambaa ulichokikamua vizuri, kisichodondosha maji. Kila wiki moja mwaga vyote, vichanganye, uvirudishe.

Utajuaje kama inafanya kazi? Chomeka kijiti katikati, kiache kidogo, kichomoe ukiguse. Kikiwa vuguvugu, bakteria wako kazini. Gunia likinuka vibaya maana yake limelowa sana au halina hewa, ongeza vitu vikavu na uligeuze. Baada ya miezi miwili hadi mitatu utapata mboji nyeusi yenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Usitie nyama, samaki, mafuta wala chakula kilichopikwa, maana utaalika panya wa mtaa mzima na majirani hawatakusamehe. Ugali uliobaki wape kuku wa jirani, tena kuku hawana maringo.

Mboji hiyo uichanganye na udongo, uijaze katika gunia jingine lenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, upande sukuma wiki juu na katika matundu ya ubavuni. Kilimo hiki cha gunia kinajulikana sana Kibera na mitaa mingine ya Nairobi isiyo na nafasi. Kwetu magunia mawili yamesimama karibu na ngazi. Sisemi tumeacha kununua mboga, hapana, ila siku ambazo mkoba ni mwepesi Mama anakwenda ngazini badala ya sokoni.

Lakini afadhali kitu kisifike kwenye ndoo kabisa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jikoni daftari ni jicho la mpishi. Nyanya ukizirundika kwenye mfuko, moja ikioza inaambukiza zote. Zitandaze kwenye sinia. Sukuma wiki usiikate yote ukitoka sokoni. Isimamishe na vikonyo vyake ndani ya maji kidogo kama maua, itafika kesho kutwa. Viazi vipende giza, kwa maana mwanga huvigeuza kijani na kijani kile kina sumu. Maziwa yaliyobaki yagandishwe yawe maziwa lala. Kiporo cha ugali kikikatwa vipande na kukaushwa kwenye kikaango, hakuna mkate utakaokishinda kwa chai ya asubuhi. (Ndugu zangu wa bweni mlioko shule nyingine, mtatuonea wivu sisi wa kutwa.) Vumbi la makaa nalo usilitupe: likandwe kwa maji na udongo kidogo, lifinyangwe madonge, lianikwe. Donge moja huchemsha maharagwe kwa moto wa pole pole ambao makaa matupu hayawezi kuuvumilia.

Kuhusu vifungashio nitasema ukweli ambao mabango hayasemi. Watu hutuambia tununue kwa wingi ili kupunguza paketi. Sawa, lakini anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: sukari robo, mafuta ya shilingi 20, sabuni ya kipande. Vipaketi vile vidogo vina plastiki nyingi kwa kitu kidogo, na ukihesabu kwa kilo ni ghali zaidi. Maskini ndiye anayelipa zaidi na ndiye anayelaumiwa kwa taka. Njia iliyotufaa sisi ni kununua kwa kupima. Kuna mashine za maziwa ambapo unakwenda na chupa yako unapimiwa hata ya shilingi 20, na mafuta ya kupikia vivyo hivyo. Tena hili si geni. Gorogoro ambalo wauza mahindi hupimia tangu wazazi wetu wakiwa watoto lilikuwa nini, kama si kopo la mafuta ya kupikia lililopewa kazi ya pili?

Mifuko ya plastiki mnajua habari yake. Serikali ilijaribu kuizuia ile myembamba mwaka wa 2007, ikajaribu tena 2011, ikashindwa. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ilianza kwa nguvu: faini ya shilingi milioni mbili hadi nne, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Ilisaidia, mwenye macho aliona. Lakini mifuko iliyokuja mahali pake, ile tunayoiita ya kitambaa, mingi uzi wake ni plastiki pia, na ikitumiwa mara mbili inachanika. Kiondo cha nyanya yangu kimeingia sokoni kabla sijazaliwa na bado kinaingia.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka wa 2004, alizuru Japani mwaka wa 2005 akavutiwa na neno lao moja, mottainai, lenye maana ya majuto ya kuona kitu chema kikiharibiwa bure. Akawa analihubiri duniani kote. Nami kama mwana wa Kiswahili ninasema neno letu lipo, nalo ni israfu. Wazee wa pwani wakimwona mtoto anamwaga wali humwambia, "Acha israfu." Ni kwamba tumelisahau, tunaliacha kwenye kamusi.

Nepi sitaficha. Hapo tumeshindwa nusu. Za kitambaa hupunguza taka sana, lakini huhitaji maji, na mtungi wa lita 20 hununuliwa. Mama hutumia za kitambaa mchana, za kutupa usiku. Asiye na mtoto mchanga asiwahukumu wenye watoto.

Shuleni pia tuna la kufanya. Karatasi za mitihani zina upande wa pili mtupu, nazo hutosha hesabu za muhula mzima. Nyingi huishia kwa wauza mandazi. Juzi nilinunua mandazi mawili yakiwa yamefungwa kwa insha ya mtu, 9 kwa 20, na kosa la ngeli limezungushiwa wino mwekundu pamoja na mafuta. Pumba za mbao na majani makavu ya nyuma ya maktaba yangetosha magunia kumi ya mboji, na bustani ya Chama cha Kilimo iko hatua chache tu. Nimeshamwambia mwenyekiti wao.

Zinabaki zile betri mbili, wembe na balbu. Hizi haziingii katika ndoo yoyote ya mbili, wala zisichomwe, maana moshi wake ndio unaobeba yale madini niliyoyataja. Nyumbani tunaziweka katika kopo lenye kifuniko, juu ya kabati, mbali na mtoto. Kopo limefika nusu. Vijana wa taka wanakuja Jumamosi, na wembe tutauvingirisha kwa gazeti mara tatu na kuwaonyesha ulipo kabla hawajatia mkono.